Wale mnaanza mazoezi ya mikono, msikimbize kano

Kila Januari napata vijana wapya pale tunapofanyia mazoezi. Hii yetu ya mtaa wa Umoja hapa Nairobi si jimu ya vioo na feni, ni kauwanja nyuma ya ploti, vyuma vingi ni mikebe ya rangi iliyojazwa simiti na paipu katikati, na siku hizi swali la kwanza sio kifua tena, ni mikono. Mtu ameona video ya jamaa ananing'inia kwa vidole viwili basi anakuja ananisalimia akinifinya mkono mpaka vidole vigongane, anataka nisikie venye ako na nguvu. Halafu wiki ya saba au ya nane anakuja ameshika kiwiko. Nimechoka kurudia hii stori moja moja kwa kila mtu, kwa hivyo naiandika mara moja na nani akiuliza nitamwonyesha hii.

Mimi si daktari, mimi ni mekanika, na haya mengi nimeyajua kwa kuumia kwanza ndio nikatafuta kusoma.

Tuanze na maneno, juu hapo ndipo watu hupotelea. Kwetu kila kitu kirefu ndani ya mwili ni mshipa. Damu inapita kwa mshipa, mkono ukifa ganzi ni mshipa, kidole kikiuma ni mshipa umevutika, na mama wa kukanda atakuambia mshipa mmoja umepanda juu ya mwingine. Hivyo ni vitu vitatu tofauti, mshipa wa damu, neva na kano, na havitibiwi kwa njia moja. Mimi hapa naongelea kano, wengine husema tendoni, ile kamba nyeupe ngumu unapata kwa supu ya miguu ya ng'ombe, unatafuna unatafuna na bado iko venye ilikuwa.

Sasa fanya hivi, shika mkono wako wa kushoto hapo chini kidogo ya kiwiko, halafu chezesha vidole vya huo mkono kama mtu anapiga piano. Unasikia nyama inatembea? Hiyo ndiyo inakunja vidole. Vidole vyenyewe havina nyama ya kujikunja, ni mfupa, kamba na ngozi, nguvu kubwa inatoka huku juu na inavutwa na kano mpaka kwa ncha ya kidole. Ni kama breki ya baiskeli kabisa, wewe unafinya huku juu, breki inashika kule chini, na katikati ni waya. Na kama venye waya umefungiwa kwa fremu na vile viklipu ndio usitoke nje ukivutwa, kidole pia kina pete zake zinashikilia kano karibu na mfupa. Madaktari wameziita A1 mpaka A5 kwa kila kidole kasoro gumba, na zenye zinabeba mzigo mkubwa ni A2, iko pale kwa kile kipande cha kwanza cha kidole karibu na kiganja, na A4 ya katikati. Klipu ya breki ikikatika waya unapanda nje kama upinde. Pete ikikatika ni hivyo hivyo, utaona kano imeinuka chini ya ngozi ukikunja kidole.

Sasa kwa nini watu huumia wiki ya nane na sio siku ya kwanza? Juu siku ya kwanza huna nguvu ya kujiumiza. Wiki za mwanzo unaona umepata nguvu haraka sana, enyewe sehemu kubwa ya hiyo hata sio nyama imeongezeka, ni ubongo umejifunza kuiamsha nyama yenye ulikuwa nayo. Halafu nyama nayo inaanza kujaa. Lakini kano haipati damu nyingi kama nyama, inajijenga pole pole, unaongea miezi sio wiki. Kwa hivyo kuna kipindi injini ni ya lori na waya bado ni wa baiskeli. Hicho kipindi ndicho kibaya kuliko vyote na ndicho mtu anajisikia simba.

Kuna kitu kingine sikuwa najua kabisa. Ukitoka kwa mazoezi mazito, siku ile ya kwanza na nusu hivi kano inabomoka kuliko inavyojengwa, kujenga kunakuja kupita kubomoa baadaye, mpaka kama masaa 72. Ukirudi kesho yake asubuhi na mzigo ule ule umevunja ukuta kabla simiti ishike. Ukirudi tena keshokutwa, tena, tena, mwisho wa mwezi una deni. Ndio maana kwangu vidole ni mara mbili kwa wiki, ukiwa sugu mara tatu, na katikati masaa 48 yasiguswe. Wale wa "mimi nafanya kila siku na niko sawa" waulizeni tena baada ya mwaka.

Mimi yangu ilikuwa hivi. Nilikuwa nimealikwa na marafiki kwenda kupanda mawe Lukenya, ile ya huko ukishapita Athi River, nikaona niende nikiwa moto nisiaibike. Nikatengenezewa na seremala kipande cha mbao cha sentimita mbili hivi nikakipigilia juu ya mlango, na kila siku asubuhi kabla ya kazi na usiku kabla ya kulala nilikuwa naning'inia hapo kwa vidole, uzito wote, bila kupasha moto, na nilikuwa nashika kwa ile njia ya kukunja, knakoli ya katikati, yaani kile kiungo cha katikati cha kidole, imesimama juu na ncha ya kidole imebonyea chini, juu nilikuwa nasikia hapo niko na nguvu zaidi. Kweli una nguvu zaidi hapo. Lakini ndipo waya unapiga kona kali kabisa na A2 ndiyo inabeba hiyo kona. Miezi miwili. Kulikuwa na kauchungu kadogo chini ya kidole cha pete kila asubuhi nikishika brashi ya meno, nikasema ni baridi, si ilikuwa Julai na Nairobi Julai unaijua. Siku moja nikiwa hapo juu ya mlango nikasikia "tap!", kama mtu amevunja kijiti kikavu, hata bibi yangu akauliza jikoni ni nini imeanguka.

Makosa hayakuishia hapo. Nikapelekwa kukandwa. Maji moto, mafuta, mama wa watu anasukuma kidole chenye kimefura kama ndizi na mimi naona nyota mchana. Usikandwe kitu chenye kimepasuka na kimefura siku hiyo hiyo, tafadhali. Lukenya sikuenda, spana namba 17 sikuweza kukaza karibu wiki tatu, na kwa kazi yangu hiyo ni pesa. Kurudi kufinya vizuri ilichukua kama wiki kumi na bahati yangu ni kuwa haikuwa imekatika yote, wenye hukatika kabisa huongea miezi mitatu, minne, kwenda juu.

Haya, sasa mtu aanze na nini. Mtungi. Ule wa njano wa lita 20 wenye uko kwa kila nyumba hapa mtaani juu maji ni ya mgao. Uzuri wa mtungi ni kuwa lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo una mizani bure, na unaweza kuongeza kidogo kidogo kuliko jimu yoyote, kule kwa jimu ukitoka kilo 10 unaruka 12 na nusu au 15. Anza na mitungi miwili, lita 8 au 10 kila mmoja, simama wima, mabega yasianguke mbele, tembea pole pole kama sekunde 30 au 40, weka chini, pumzika dakika mbili, rudia mara tatu au nne. Basi. Utaona ni rahisi na utataka kuongeza siku hiyo hiyo, usiongeze. Wiki inayofuata weka lita moja, sio tano. Ukifika pahali mkono unafunguka wenyewe umepita, mzigo wa mwanzo unafaa kukuacha na nguvu ya kwenda raundi mbili zaidi. Kishikio kikikata kiganja fungia kitambaa, na baadaye huko mbele kitambaa kikiwa kinene kishikio kinakuwa kigumu kushika, hiyo tayari ni zoezi lingine bila kununua kitu.

Kwa nini napenda hii kuliko ile spring ya kufinya? Juu kano inapenda mzigo unaokaa, unaingia polepole na kutoka polepole. Haipendi kustuliwa. Spring watu wanaifinya kwa kasi, pa pa pa, wako kwa mathree wanaelekea tao wanahesabu mia mbili, mkono mmoja, wakichoka wanabadilisha. Hapo unasugua kano kwa njia ile ile mara mia mbili kwa safari moja na unashangaa kwa nini kiwiko kinawaka. Kama umeshanunua usitupe, itumie hivi, finya polepole, shikilia sekunde tano mpaka kumi, achilia polepole, mara tano, maliza. Na hizo namba zimeandikwa kwa hiyo spring, kilo 5 mpaka 60, usiziamini sana, mimi nimeshika mbili zenye namba moja na hazifanani.

Kuning'inia kwa chuma nako ni kuzuri lakini sio uzito wote siku ya kwanza. Weka stuli chini, acha miguu ibebe nusu, ning'inia sekunde kumi, pumzika, mara nne tano. Kila wiki msaada wa miguu unapunguka kidogo. Kiganja chote kishike chuma. Mambo ya ncha za vidole na vipande vya mbao yangojee, kwa maoni yangu angalau miezi sita, na hata ukifika huko anza na vidole vimenyooka kiasi, sio vimekunjwa kama kucha za mwewe.

Kidole gumba husahaulika, na ndicho nusu ya mshiko. Chukua pakiti ya unga ya kilo mbili, ibane kwa juu kati ya kidole gumba na vile vingine, inua, hesabu ishirini. Usiidharau, hata wenye wanainua kilo mia hapa kwetu imewatoa jasho, na mmoja aliimwaga, tulifagia ugali wa siku mbili.

Halafu upande wa pili wa mkono. Watu wote wanafinya, hakuna anafungua. Chukua raba, ile ya kufungia karatasi au kata kipande chembamba cha tyubu ya baiskeli, zungusha vidole vyote vitano kwa ncha, fungua mkono, rudisha polepole, mara 20 au 25. Ama ndoo ya mchanga, ingiza mkono na uufungue ndani. Hii ndiyo imeokoa viwiko vya watu wengi pale kwetu, juu kila ukifinya kwa nguvu, zile nyama za upande wa juu wa mkono zinafanya kazi pia kuzuia kifundo cha mkono kisikunjike, na zikichoka ndipo unapata ule uchungu wa nje ya kiwiko, wenye kwa Kizungu wamepatia jina la tenisi na wewe hujawahi shika raketi. Wa ndani ya kiwiko wamepatia la gofu. Hiyo ya nje nilikuwa nayo miaka miwili kwa sababu ya bisibisi tu.

Na hapo ndipo kuna jambo nataka mlishike vizuri. Mkono haujui hii ni kazi na hii ni mazoezi. Kama umeshinda mjengo ukichanganya zege na sepetu tangu saa mbili, au wewe ni mama fua umekamua mablanketi sita, au umeshikilia klachi ya boda kwa jam ya Jogoo Road siku nzima, hiyo ni raundi tayari. Usikuje jioni kufuata ratiba ya mtu wa ofisi. Kuna dada anakuja hapo kwetu, kazi yake ni kufua, alikuwa analalamika mkono unauma upande wa kidole gumba kila akikamua, na mtu alikuwa amemwambia ni udhaifu aongeze mazoezi. Haikuwa udhaifu, ilikuwa imetumika kupita kiasi. Tulimwambia akamue kwa kubana nguo kwa bomba na kuisokota kwa mikono miwili ikiwa imenyooka badala ya kuvunja kifundo, na mazoezi akapunguza badala ya kuongeza. Mimi mwenyewe siku nimeshusha injini sifanyi vidole.

Kupasha moto mnajua lakini hamfanyi. Dakika tano, zungusha mabega, fungua na kufunga ngumi mara hamsini hivi, kisha mtungi nusu raundi mbili. Asubuhi za baridi shika kwanza kikombe cha uji.

Sasa dalili. Mimi nawapatia sheria ya namba, uchungu ukiwa sufuri mpaka tatu kwa kumi wakati wa zoezi na kesho asubuhi haujazidi, endelea. Ukipita hapo ama ukiamka na kidole kigumu kuliko jana, punguza mzigo nusu wiki nzima. Punguza, sijasema lala. Kano yenye imewekwa tu bila kazi inadhoofika pia, na mtu hupumzika mwezi mzima, uchungu unaisha, anarudi pale pale alipoachia na inapasuka. Mzigo mwepesi wa kushikilia bila kusongesha, sekunde 30 mpaka 45, mara nne, watu wengi huona hata unapunguza uchungu.

Kuna zingine hazingoji. Ukisikia mlio kama wangu na kidole kifure, enda hospitali kipigwe picha. Kama ncha ya kidole imekataa kabisa kujikunja yenyewe, hapo kano inaweza kuwa imetoka kwa mfupa na hiyo ni ya daktari wa upasuaji ndani ya siku chache, ukikaa wiki kadhaa inajivuta ndani na kuirudisha ni ngumu. Kidole kikikwama kimekunjwa halafu kinafunguka kwa "tak", hiyo ni kano inakwama kwa A1, isikushtue lakini usiifanyie mazoezi. Na ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, haswa usiku, hiyo ni neva inabanwa kwa kifundo, sio kano, usipoteze muda na raba.

Kwa kemist nako kuna mambo. Kuna dawa watu hununua kama peremende tumbo likisokota ama wakiambiwa ni taifodi, ciprofloxacin, na ndugu zake wenye majina yanaishia hivyo hivyo. Hizi dawa zinaweza kudhoofisha kano mpaka ikatike, Marekani tangu 2008 zinabeba onyo la kisanduku cheusi, lile kali kabisa la dawa, kwa hiyo sababu, na hatari inazidi ukiwa umepita miaka 60 ama unatumia steroidi. Sisemi ukiandikiwa na daktari ukatae. Nasema mwambie unabeba vyuma, na ukiwa kwa hiyo dose acha mizigo mizito, na ukisikia kano inauma mrudie haraka. Pia usimeze ya kupunguza uchungu ndio upate kufanya mazoezi, uchungu ndiyo geji yako, mimi nikiona mtu ameziba taa ya oili kwa dashibodi na selotepu ndio aendelee kuendesha huwa sijui hata nianze kumwambia nini.

Vijana wa sekondari, mnakuja na nguvu nawaona, lakini mifupa yenu ya vidole bado inakua na pale inapokulia ni laini kuliko kano yenyewe. Mtungi sawa, kuning'inia kwa chuma kwa kiganja chote sawa, ncha za vidole na uzito umefungwa kiunoni hapana mpaka mkue. Knakoli ya katikati ikiuma na imefura kwa mtu wa miaka 15 usifikirie ni kawaida.

Na mieleka ya mikono pale kwa meza baada ya mazoezi, najua itafanyika hata nikikataza. Basi angalau mwili uelekee mkono wako, usigeuze bega upande mwingine ukijaribu kuvuta, watu huvunja mfupa wa mkono wa juu hivyo, unasikika mpaka nje. Pia ukiinua chuma kutoka chini na mkono mmoja kiganja mbele mwingine kiganja nyuma, ule wenye kiganja kinaangalia mbele usiukunje kuvuta, kano ya kiwiko hapo hukatika.

Mtu ataniuliza kama supu inajenga kano. Ule utafiti watu hutaja ni wa 2017, walikuwa wanaume wanane tu, wakapewa jelatini gramu 15 yenye vitamini C saa moja kabla ya kuruka kamba dakika sita, na alama za kujenga kolajeni, ile protini ya kano, kwa damu zikapanda kama mara mbili. Wanane. Mimi nakunywa supu ya miguu na ndimu juu naipenda na iko na joto. Kuna utafiti mwingine hutajwa, wa nguvu ya mshiko, wa 2015, wa watu karibu 140,000 kwa nchi 17, ulisema kila mshiko ukipungua kilo tano hatari ya kufa inapanda asilimia 16, lakini mshiko hapo ni kama geji tu ya mwili wote, kufinya spring peke yake hakuongezi siku.

Saa hii mimi niko lita 19 kila mkono, miezi kumi na moja tangu nianze tena na lita 6, na kidole cha pete bado hukaza kidogo Julai. Mkianza kutembea na mitungi, kazeni kifuniko na mfungie karatasi ya nailoni hapo ndani, maji yakimwagika kwa ngazi za ploti keateka atawafukuza nyote mpaka mimi.